Waliniuzia buti za skii zilizonizidi namba, wakazipasha moto mara tatu, sasa wanasema hazirudishwi

Wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira, ingawa nimejizuia kwa wiki mbili nzima ili hasira hiyo isinisemeshe jambo nisiloweza kulithibitisha. Lalamiko langu linahusu uumbaji wa buti za skii, zile za kuteleza juu ya theluji, kwa joto, yaani ile kazi ya kupasha ganda la plastiki na bitana yake (kile kiatu laini cha sponji cha ndani) katika oveni, kisha mteja akazivaa zingali moto ili zichukue umbo la mguu wake. Kazi yenyewe siilaumu, kwa kuwa ikifanywa ipasavyo huwaondolea watu maumivu ya miaka. Ninachokilaumu ni duka kuitumia oveni kufunika kosa lake la kipimo, na baadaye kuitumia oveni hiyohiyo kama sababu ya kukataa kulirekebisha kosa hilo.

Nilipofika dukani niliulizwa ninavaa viatu vya namba gani, na hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza na la mwisho kuhusu miguu yangu. Muuzaji alitazama jedwali ukutani, akaigeuza namba yangu ya viatu vya kawaida kuwa 28.5, akaenda stoo. Waliozoea mchezo huu wanajua kwamba buti za skii hupimwa kwa mfumo wa mondopointi, ambao hauhitaji jedwali lolote, maana namba yake ni urefu wa mguu wenyewe kwa sentimita. Kinachotakiwa ni kumsimamisha mteja juu ya kipimo, kisigino kikiegemea nyuma, na kusoma. Mguu wangu wa kulia una sentimita 26.3 na wa kushoto 26.1. Kazi hiyo ingechukua dakika moja.

Nilipozivaa nilijiona niko raha mustarehe, na sasa naelewa kwamba raha ile ndiyo ingepaswa kunishtua. Buti ya skii inayomwenea mtu humgusa ncha za vidole anaposimama wima, kisha vidole hurudi nyuma kidogo anapokunja magoti na kuegemea mbele. Vidole vyangu havikugusa chochote. Nilimwambia kwamba kisigino kinainuka, akaniletea 28.0, akaniambia hiyo ni nusu namba chini na itanishika vizuri zaidi. Nilimshukuru. Kila nikikumbuka kwamba nilimshukuru naona haya, kwa sababu 28.0 na 28.5 hutumia ganda lilelile moja. Maganda hutengenezwa kwa namba nzima, na tofauti ya hiyo nusu huwa kwenye unene wa bitana au wa soli ya ndani tu. Ama muuzaji wa buti hakulijua hilo, ama alilijua akanyamaza, na sijui lipi kati ya hayo mawili ndilo linaloniudhi zaidi.

Hakuna aliyeitoa bitana. Kipimo ambacho kazi yote hii hujengwa juu yake ni kuingiza mguu ndani ya ganda tupu, vidole vikagusa mbele kidogo, kisha fundi akaangalia nafasi iliyobaki kati ya kisigino na plastiki. Wanaoshindana huridhika na sentimita moja au pungufu yake, mtu anayetaka buti iitikie haraka hutafuta moja na nusu hivi, na anayetanguliza starehe huachiwa takriban mbili. Zaidi ya hapo si starehe tena. Nasisitiza jambo hili kwa sababu joto linaweza kumpa mtu nafasi mahali panapombana, lakini haliwezi kulifupisha ganda lililomzidi urefu, na fundi aliyeruka kipimo hiki hawezi kujua kama anakwenda kutibu ugonjwa au kuuongeza.

Basi tukaenda kwenye oveni. Bitana za sponji ya namna hii hupashwa kwa nyuzi 110 hadi 120 za Selsiasi hivi, kwa dakika kama kumi, kutegemea maelekezo ya mtengenezaji, na zikitoka ndipo kazi huanza, kwani huyu ni samaki wa kukunjwa angali mbichi. Mteja huvalishwa soksi nyembamba. Vidole huvishwa kofia ndogo ya sponji ili baadaye pabaki nafasi ya kuvichezesha. Mifupa iliyotokeza, hasa ya kifundo na ya ubavuni mwa mguu, hubandikwa vipande vya sponji. Kisha bizimu hufungwa kwa kiasi, na mteja husimama bila kuhangaika kwa dakika kumi hadi kumi na tano mpaka vyote vipoe. Mimi nilikuwa nimevaa soksi nene, sikuvishwa kofia ya vidole, sikubandikwa chochote, na baada ya dakika tatu au nne niliambiwa nivue kwa kuwa mteja mwingine alikuwa akisubiri benchi. Nikavua buti ikiwa bado ya moto, kisigino kikapita kwa nguvu palepale ambapo sponji ilikuwa inajaribu kushika umbo lake. Ile soli maalumu ya kushikilia upinde wa unyayo, ambayo inatakiwa iwe imeshawekwa kabla ya joto ili mguu uumbwe ukiwa umekaa sawa, nilitajiwa baada ya kazi kwisha, kwa vile nayo ilikuwa inauzwa.

Yaliyonipata mlimani adhabu yake naijua mwenyewe. Kwa kuwa buti ilikuwa kubwa, nililazimika kuzikaza bizimu za juu ya wayo mpaka mwisho ili mguu usielee ndani, na ukizikaza hivyo unabana mishipa ya damu na ya fahamu inayopita hapo juu. Vidole vikafa ganzi kabla ya saa moja, vikapoa, vikaanza kuuma. Wakati huohuo kisigino kiliendelea kuinuka, mguu ukawa unasukumwa mbele kila nilipogonga tuta, na jioni kucha za vidole gumba vyote viwili zilikuwa nyeusi. Kuhusu kuongoza skii, sikuweza hata kujidanganya. Nikiegemeza muundi mbele ili nianze kukata kona, mguu ulisogea kwanza ndani ya buti, buti ikafuata, na skii ikapata habari mwisho wa wote.

Nilirudi dukani nikaonyesha kucha. Fundi alizitazama akasema buti inabana, itapanuliwa. Ganda likapashwa, likasukumwa kwa jeki ubavuni, na bitana ikarudishwa kwenye oveni mara ya pili. Hapa ndipo penye kichwa cha malalamiko yangu, na ningeomba mwenye duka lolote apasome mara mbili. Maumivu ya buti kubwa na maumivu ya buti ndogo hufanana sana mdomoni mwa mteja: yote ni ganzi, kucha nyeusi na mguu unaochoka. Fundi ndiye anayelipwa kuyatofautisha, na mimi nilikuwa nikiongezewa nafasi ndani ya buti ambayo tatizo lake lilikuwa nafasi. Nikakaza bizimu zaidi, nikapata ganzi mapema zaidi, nikarudi tena, na bitana ikaingia oveni mara ya tatu. Sponji hii haipashwi bila hasara. Kila joto na kila mgandamizo huipunguzia unene, na ile bitana ambayo ingenyauka taratibu kwa misimu kadhaa ilinyauka kwangu ndani ya mwezi mmoja. Nilipouliza mbona hali inazidi kuwa mbaya, nilijibiwa kwamba nitazizoea.

Nichomekee jambo moja dogo. Wakati wa kuuziwa nilisifiwa sana kwamba buti hizi zina ugumu wa 120, yaani jinsi zinavyogoma kukunjwa mbele, kana kwamba hiyo ni namba ya kupimwa maabara. Namba hiyo haina kipimo cha pamoja kati ya watengenezaji. 120 ya huyu inaweza kuwa laini kuliko 110 ya yule, na plastiki inayokunjika vizuri kwenye joto la dukani hukakamaa kwenye baridi. Nami, katika ganda lililonizidi, hata huo ugumu wenyewe sikuwahi kuufikia.

Fundi wa mahali pengine, niliyemfuata nikiwa nimeshakata tamaa, alianza kwa kunipima miguu nikiwa nimesimama, akaitoa bitana, akaniambia niingize mguu kwenye ganda. Nyuma ya kisigino palibaki sentimita tatu na nusu. Hakusema neno, akapitisha vidole vyake vitatu katika nafasi ile ili nione mwenyewe. Akapima pia upana, akakuta unafaa ganda la milimita 98 hadi 100, ilhali nililouziwa ni la 103 na juu ya hapo limetanuliwa kwa jeki. Nilimuuliza kama joto lingeweza kusaidia kitu. Akanijibu kwamba joto ni la kumalizia, na kwamba kwa buti hizi hana cha kumalizia.

Nimewaandikia wauzaji nikiomba wanibadilishie kwa ganda la 26 na bitana mpya. Jibu lao lilikuwa mistari miwili: buti zilizoumbwa kwa joto hazirudishwi wala hazibadilishwi, kwa kuwa zimeshachukua umbo la mguu wa mteja. Naielewa sheria hiyo pale ambapo mteja amepimwa sawasawa kisha akabadili mawazo. Lakini hapa hakuna aliyenipima, na aliyeniharakishia oveni ni yuleyule ambaye oveni hiyo inamkinga. Sisemi kwamba kuna njama. Nasema tu kwamba duka ambalo mteja wake hupoteza haki ya kurudisha bidhaa pale inapoingia kwenye oveni lina wajibu wa kupima kabla ya kuiwasha, na kuandika vipimo hivyo kwenye risiti: urefu wa kila mguu, upana, na nafasi iliyobaki nyuma ya kisigino ndani ya ganda tupu. Risiti yangu ina jina la buti na tarehe.

Madai yangu ni haya, na nimeyapeleka kwao kwa maandishi. Wanipe ganda la namba yangu baada ya kunipima mbele ya macho yangu. Wanirudishie malipo ya kuumba mara ya pili na ya tatu. Na kwa kuwa ganda dogo lina soli fupi, warekebishe vifungio vinavyoshika buti kwenye skii vilingane na urefu mpya wa soli, ule uliochorwa kwa milimita ubavuni karibu na kisigino, na wavijaribu kama vinafunguka inavyotakiwa mtu anapoanguka, maana hilo linahusu usalama wa magoti yangu na sitaliacha mikononi mwa jedwali la ukutani.

Barua hiyo ina siku kumi na moja sasa. Kama kuna aliyewahi kubadilishiwa buti baada ya kuumbwa kwa joto, naomba anieleze alitumia hoja gani. Zangu zimo ndani ya boksi lake, bizimu zimefunguliwa, pamoja na picha ya vidole vitatu vya yule fundi nyuma ya kisigino changu.