Mrejesho: picha za nyumba zenye alama ya X

Ndugu zangu, nimerudi. Niliuliza kama ni haki kuwapiga picha majirani wa kando ya mto Themi, hapa Arusha, ambao nyumba zao zimechorwa X nyekundu, alama ya kubomolewa, kwa kuwa ziko ndani ya zile mita 60 kutoka mtoni ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza kujenga. Mlinishauri niende kwanza bila kamera. Nikaenda, siku tatu.

Siku ya nne mama mmoja mkaanga mihogo akaniambia, “Mwanangu, usinipige nikilia. Nipige na mlango wangu, nimeununua kwa hela ya mihogo.” Akaufuta vumbi kwa kanga, akasimama wima, mkono kwenye komeo. Picha hiyo naithamini kuliko zote.

Wazee wawili walikataa, nikawaacha. Sura za watoto sikuzipiga. Kila familia nimeipa nakala, nyuma tumeandika tarehe na jina la mwenye nyumba. Wengine wameziambatanisha na barua za kuomba fidia. Majibu bado.

Jumamosi narudi. Mama anataka na mparachichi wake upigwe, kabla haujakatwa.