Kubadilisha betri ya pikapu mwenyewe nyumbani: nianze kufungua upande upi?

Kisogo_cha_Fundi

Wakuu, salaam. Nina pikapu ya dizeli, kabini mbili, betri yake imetimiza miaka minne. Wiki hii kila asubuhi nikigeuza ufunguo nasikia tik tik tik, taa za dashibodi zinafifia, basi, kimya. Nikiazima moto kwa jirani inawaka mara moja, na siku nzima haisumbui tena. Kesho asubuhi, yale yale.

Nataka nibadilishe betri mwenyewe. Mara ya mwisho alibadilisha fundi, mimi nikawa namshikia tochi, na kwa jinsi alivyoinama nilichokiona ni kisogo chake tu. (Ndiyo asili ya jina langu hapa.)

Nisaidieni: nianze kufungua chanya au hasi? Ni kweli kompyuta ya gari inaharibika betri ikitolewa? Shemeji yangu anashauri nibadilishe injini ikiwa inanguruma ili "kumbukumbu isipotee". Anaongea kwa uhakika sana huyu mtu, ndiyo maana nauliza.

---

Waya_Mwekundu

Mkuu, nianze na shemeji. Usithubutu. Injini ikinguruma, alteneta inazalisha umeme na betri ndiyo inayoumeza na kuutuliza. Ukiichomoa ghafla, volti zinaruka juu kwa kishindo, na wa kwanza kufa ni dayodi za alteneta au hiyo hiyo kompyuta unayotaka kuilinda. Zima gari, chomoa ufunguo, weka mfukoni.

Umeme wa magari ni mwaka wangu wa 22 sasa, na watu wanaonunua betri mpya wakati ugonjwa uko kwingine nimewaona wengi. Kwa hiyo kabla hujanunua, tafuta mita ya volti. Pima asubuhi kabla hujagusa ufunguo. Betri iliyojaa na kupumzika inasoma kama 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Halafu mtu mwingine apige stata wewe ukiangalia mita: ikishuka chini ya 9.6 na betri ulikuwa umeichaji ikajaa, hiyo imechoka. Lakini kama volti kwenye nguzo za betri (vile vichwa viwili vinavyofungwa waya) zinabaki juu na stata bado inalia tik tik, angalia vichwa vya waya na ile waya ya hasi inapofungwa kwenye bodi na injini. Unga mweupe au wa kijani ukikaa katikati, umeme haupiti vizuri. Stata ya dizeli inavuta ampea mia kadhaa, haitaki masihara.

Sasa swali lako. Hasi inatoka KWANZA na inarudi MWISHO. Wengi wameikariri hii kama sala bila kujua sababu, halafu siku ya haraka wanaigeuza. Sababu ni spana yako. Bodi nzima ya gari ni hasi. Ukianza na chanya, spana ikagusa boneti au ukingo wa bodi, umeunganisha chanya na hasi kwa kipande cha chuma, na betri itatoa nguvu yake yote hapo hapo. Ukishatoa hasi, hata spana ikigusa bodi hakuna kinachotokea, njia ya kurudi imekatika.

Nina alama ya mviringo kwenye kidole cha pete. Nilikuwa kijana, nina haraka, nafungua chanya na hasi bado imefungwa. Pete ikagusa bodi, spana iko mkononi. Ilishika moto kabla sijafungua mdomo kulia. Vua pete, saa na bangili. Na uvae miwani ya kukinga macho, kwa sababu ndani ya ile betri kuna tindikali. Na sigara iwe mbali, betri inayochajiwa inatoa haidrojeni.

Baada ya nyaya, fungua bano linaloishika betri. Usipuuze kulirudisha: betri inayocheza barabara ya vumbi mabamba yake yanapukutika ndani. Na inyanyue kwa magoti, betri ya pikapu ya dizeli inafika kilo 20 na zaidi. Mgongo hauuzwi dukani.

Vichwa vya waya visugue kwa brashi na maji ya moto yenye magadi, suuza, kausha kabisa. Ukishafunga, pakaa mafuta mgando juu. Juu, si kabla ya kufunga.

---

DadaBoneti

Kaka, kuhusu kompyuta: haiharibiki, inasahau tu. Kwangu saa ilirudi sifuri, redio ikadai namba ya siri (itafute kwenye kitabu cha gari KABLA), na kioo cha dereva kikagoma kupanda chenyewe kwa mguso mmoja. Nilikishusha chote, nikakipandisha nikaendelea kubonyeza kwa sekunde chache, kikakumbuka. Injini nayo ilinguruma ovyo kidogo siku ya kwanza ikatulia yenyewe.

Ila kama gari lako ni la miaka ya karibuni, lile linalojizima kwenye foleni na kujiwasha, usiweke betri ya kawaida. Yale yanataka betri za EFB au AGM, yaani zilizoundwa kuhimili kuwashwa mara kwa mara, na baadhi yanahitaji kuambiwa kwa mashine kwamba betri ni mpya. Na chungulia upande wa pili wa injini pia, baadhi ya pikapu za dizeli zina betri mbili!

---

Kisogo_cha_Fundi

Nimerudi na ripoti. Halijizimi kwenye foleni, na betri ni moja.

Mita: asubuhi 12.1. Niliichaji usiku kucha kwa chaja ya kuazima, ikafika 12.5, mke wangu akapiga stata, ikaanguka hadi 8.2. Marehemu.

Kilichonishinda hakikuwa spana wala kompyuta. Nimeenda kununua nikasema nataka ya ukubwa ule ule, nikapewa, nimefika nyumbani, nimeiingiza, imekaa sawasawa kama imezaliwa pale. Nimeshika waya wa chanya, haufiki. Nimevuta, haufiki. Nimeigeuza betri, sasa nguzo ziko ukutani mwa injini na bano haliingii. Nusu saa nahangaika, shemeji amesimama na chai anashauri tuunge waya mrefu.

Kumbe ya zamani imeandikwa 95D31L na hii 95D31R. Herufi moja!

---

Waya_Mwekundu

Pole mkuu, kosa ni langu, ilibidi nikwambie. Hiyo 31 ni urefu kwa sentimita, D ni kimo na upana wake, na herufi ya mwisho inasema nguzo zimekaa upande gani. Ukisimama upande zilipo nguzo, kwenye L hasi iko kushoto, kwenye R iko kulia. Waya usiurefushe. Irudishe ibadilishwe, usikubali kuondoka bila kulinganisha mbili hizo kwa macho zikiwa zimekaa pamoja. Na ya zamani usiitupe jalalani, ina madini ya risasi na tindikali. Muuza betri ataipokea, inayeyushwa upya.

Ukishaifunga na gari likiwaka, pima tena. Unataka kuona kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, alteneta haichaji, na hiyo mpya nayo utaizika.

---

Kisogo_cha_Fundi

Nimebadilishiwa. Chanya kwanza, hasi mwisho. Ilipogusa ilitoa cheche ndogo nikaruka nyuma, mke wangu bado anacheka. Imewaka kwa mguso mmoja. Mita inasoma 14.2.

Redio imedai namba ya siri. Kitabu cha gari kilikuwa kwenye kisanduku cha dashibodi, ukurasa wenye namba umechanwa. Shemeji anasema anakumbuka aliwahi kuandika namba ya simu ya mtu kwenye karatasi aliyoitoa humo.

---

DadaBoneti

Mwambie apige hiyo namba.