Sarafu ya dhahabu shambani Norfolk: niisafishe?

Msaka_Norfolk: Wadau, jana ditekta yangu ya kutafutia metali ardhini imelia kwenye shamba lililolimwa huku Norfolk, Uingereza. Kina cha kiganja tu, ikatoka sarafu ya njano inayong'aa: kichwa cha mfalme George III, nyuma ngao yenye umbo la beleshi, mwaka 1790. Mikono inatetemeka mpaka sasa! Ruhusa ya mwenye shamba ninayo kwa maandishi. Niisafishe?

BintiTanga: Hongera sana kaka! Usiisugue hata kwa kidole. Ipitishie maji safi tu, basi. Dhahabu ni laini, ikikwaruzika imekwaruzika.

Fundi Saa: Ipime kwanza. Gini halisi, yaani sarafu ya zamani ya dhahabu ya Uingereza kama hiyo, ina gramu 8.3 hivi. Zipo nyingi za kuiga, za shaba ya njano, watu walichezea karata. Baadhi zina maneno ya Kiingereza ya kukumbuka siku njema za zamani.

Msaka_Norfolk: 8.32! Maneno hayo hayapo.

Fundi Saa: Alhamdulillahi, ndiyo yenyewe. Sarafu moja peke yake kwa kawaida haihesabiwi kuwa hazina kwa Sheria ya Hazina ya Uingereza ya 1996, ila mpelekee afisa wa mambo ya kale wa eneo lako aisajili, na umwonyeshe hasa ulipoitoa. Mgao na mwenye shamba muandikishane kabla ya kuuliza bei.