Tupeane uzoefu: uliwahi kupasukiwa tairi gari likiwa limeshiba mizigo?

Kona za Soni
Wakuu, jana usiku natoka Morogoro, karibu na Chalinze nikapishana na Probox. Makalio yamekaa chini, taa zinamulika mawinguni, keria imejaa magunia ya mkaa. Macho yangu kwisha kabisa. Nikajikumbuka 2019 nashuka Lushoto na IST: watu watano, kabichi hadi miguuni. Breki zilianza kunuka kabla ya Soni. Kufika Mombo, tairi la nyuma kulia limevimba ubavuni kama jipu. Fundi akaweka geji: 19. Kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinataka 230 kPa, yaani kama 33 hivi kwa geji zetu za upepo zinazosoma PSI. Na asubuhi nilikuwa nimelikagua vizuri tu, nikalipiga teke likaitika. Leteni za kwenu.

Mzaramo Halisi
Teke ndiyo geji ya taifa 😂

Dogo wa Kimara
Mimi fundi wangu ananijazia 40 zote nne nikienda Moshi. Sijawahi kupata shida.

Spana 17
40 kwenye gari dogo? Hapo unaendesha mpira wa kikapu. Tairi linakula katikati tu, na mvua ikinyesha ukashika breki utatukumbuka.

Kaka Mkubwa
Mnakosea wote. Safari ndefu unapunguza upepo. Tairi likipata moto upepo unapanda, likizidi linapasuka. Mimi huwa nasimama njiani natoa kidogo.

Spana 17
Hivyo ndivyo mnavyoua watu. Upepo ukiwa mdogo ubavu wa tairi unajikunja kila mzunguko, na huko kujikunja ndiko kunakoleta moto. Weka mzigo juu yake uone. Namba ya kibandiko ni ya tairi lililopoa, asubuhi kabla hujatoka. Njiani likisoma 36 au 37, liache hivyo hivyo.

Kaka Mkubwa
Nimeendesha miaka ishirini, wewe umeendesha kibodi.

Mama Wawili
Naomba nisimulie, maana mmenigusa. Januari moja tunarudi Dar kutoka Mbeya na Fielder. Mimi, baba watoto na watoto wawili. Tulianza na mchele tu, kilo mia. Makambako mwenzangu akaona viazi, akanunua lumbesa. Nikamwambia baba nanihii, hili gari si fuso. Akasema ndiyo mwisho. Ilula matenga mawili ya nyanya, ndiyo mwisho. Ruaha Mbuyuni nani anapita bila vitunguu? Lumbesa ilikuwa juu ya keria, na kule Kitonga kila kona gari lilikuwa linainama kama mlevi anayetafuta ukuta.

Saa moja jioni tuko ndani ya hifadhi ya Mikumi, puu! La nyuma kushoto. Mkia ukaanza kucheza. Namshukuru Mungu hakukanyaga breki, alishika usukani kwa mikono miwili akaachia mafuta mpaka gari likachoka lenyewe.

Sasa tairi la akiba liko wapi? Chini ya sakafu ya buti. Juu yake kuna nini? Mchele, nyanya, vitunguu. Tukapanga genge pale pembeni ya lami, giza linaingia. Tunalitoa, ni lile jembamba, ubavuni limeandikwa 60 PSI na mwisho 80 kwa saa. Nikalibonyeza kwa kidole likabonyea. Na hapo ndipo mwanangu akasema, "Mama, tembo." Walikuwa watatu ng'ambo ya barabara, mmoja katandaza masikio. Niliingia garini kwa dirisha, sijui hadi leo nilipitaje.

Dereva wa semi akasimama. Ana mpira wake wa upepo unaotoka kwenye matangi ya breki za lori, akatujazia. Kisha akamwangalia mwenzangu akasema, "Mzee, huo mzigo ni wangu huo." Akaipakia lumbesa, akasema ataiacha Doma kwa mama ntilie mmoja. Tumefika Doma tukaikuta imekaa kwenye benchi inatusubiri.

Tozo
Chai. Tembo watatu na semi ikasimama hifadhini? Picha?

Mama Wawili
Nimkodolee macho tembo nimwambie atabasamu?

Mzaramo Halisi
Tozo hujawahi kupita Mikumi, sema tu.

Dogo wa Kimara
Ile lumbesa kwenye benchi imeniua 😂😂

Ukonga Mwisho wa Lami
Nyanya tenga mlinunua bei gani?

Msafiri wa Maskati
Huku Omani watu wanatoa upepo hadi 15 kuingia mchangani, gari lisizame. Hapo sawa. Balaa ni anayerudi kwenye lami akasahau kujaza, halafu na hili joto anakanyaga 120.

Spana 17
Turudi kwenye mada. Kizito kikae chini, kibanane na mgongo wa kiti. Juu ya keria ni magodoro na ndoo tupu. Na someni umri wa tairi ubavuni, zile tarakimu nne za mwisho baada ya DOT: 2315 ni lililotengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2015.

Tozo
Tairi za mtumba zenyewe namba zimekwanguliwa.

Kona za Soni
Mama Wawili, la kwenu lilikuwa kuukuu?

Mama Wawili
Jipya, miezi minne. Ila tulipopumzika Iringa mwenzangu aliligusa akaona la moto, akatoa upepo kidogo. Kila la nyuma.

Spana 17
Kaka Mkubwa, upo?

Kaka Mkubwa
Nipo. Kibandiko changu kimeandikwa Kijapani.

Spana 17
Na 230 nayo ni Kijapani?

Ukonga Mwisho wa Lami
Bei ya tenga jamani.