Moshi wa Alco mlimani Scranton: nipige picha vipi?

Swali: Wakuu, napiga picha Alco M636 na C425, vichwa vya treni vya dizeli vya kampuni ya reli ya Delaware-Lackawanna huko Pennsylvania, Marekani, vikivuta mizigo mlimani. Anga linaungua (linatoka jeupe tupu), na pua ya kichwa cha treni inatoka na ukungu. Nirekebishe nini?

reli_bize: Kamera inaona weusi mwingi, ndiyo maana inaongeza mwanga. Weka fidia ya mwanga -0.7, piga RAW (faili ghafi la kamera), vivuli utavinyanyua baadaye. Shata ya sekunde 1/800 inatosha, treni ya mlimani inatambaa. Ukungu huo ni joto linalopanda kutoka kwenye kokoto: acha lenzi ya 400mm, tumia ya 135mm na usogee, ila ubaki nje ya eneo la reli.

mama_lenzi: Na moshi haukai! Dereva akiongeza mafuta, injini 251 ya Alco inayapata kabla turbo haijashika kasi ya kusukuma hewa ya kutosha. Turbo ikishika, moshi unapungua. Jipange pale treni inapong'oka kutoka kusimama.

reli_bize: Kweli kabisa. Halafu kutoka Scranton kupanda milima ya Pocono treni inaelekea kusini-mashariki, kwa hiyo asubuhi jua linapiga puani. Alasiri pua iko kivulini, labda utake silueti (umbo jeusi tupu).