Tupeane uzoefu: picha, faili na akaunti zilizopotea, ulizipataje tena?

Jirani wa Buruburu

Wadau, hamjambo. Shemeji yangu ana simu isiyowaka tangu iliponyeshewa, na ndani mna picha za mazishi ya baba mkwe. Ameizungusha Luthuli nzima, ule mtaa wa mafundi na maduka ya simu hapa Nairobi. Fundi wa kwanza alimwambia, "Mama, hiyo ni kazi ya saa moja." Wa pili akataka kulipwa kabla hata hajashika bisibisi. Wa tatu alimwambia asahau, na huyo ndiye pekee ambaye hakuitisha pesa.

Badala ya kuendelea kubahatisha, naomba tupeane uzoefu. Si simu tu. Flashi, laptopu, akaunti, video za mtandaoni, chochote kilichowahi kukutoroka. Semeni nini kilitokea, nini kilisaidia na nini kilikula pesa bure. Wauzaji, leo pumzikeni.

Fundi wa Umoja

Jirani, poleni kwa msiba. Hii ndiyo kazi yangu, ila siko Luthuli, kwa hiyo sina wa kumtetea.

Zamani simu ikifa tuling'oa chipu ya kumbukumbu, tukaisoma kwa mashine, mtu akaenda na picha zake. Siku hizi hapana. Simu zilizotoka kiwandani na Android 10 kwenda mbele, data yake imefungwa kwa msimbo na ufunguo unakaa kwenye prosesa ya simu hiyo hiyo. iPhone ni vivyo hivyo. Chipu ukiipeleka kwingine unasoma takataka tupu. Njia iliyobaki ni kufufua bodi yenyewe, hata kwa nusu saa tu, iwake, mwenyewe aandike PIN, picha zinakiliwe, basi. Kwa hiyo shemeji akifika kwa fundi aulize: "Utafufua bodi au utatoa chipu?" Akijibiwa chipu, achukue simu yake aende.

Halafu, iliyolowa isichajiwe. Maji peke yake yana subira. Ni umeme ukipita kwenye maji ndio unaokula bodi. Na mchele acheni upikwe. Hautoi maji yaliyo chini ya chipu, na ile unga yake naikuta kwenye tundu la chaji kila msimu wa mvua. Ifunguliwe, betri ichomolewe, bodi isafishwe kwa spiriti, ndipo tutafute penye shoti.

Lakini kabla hujanilipa mimi au mwingine: ameshaingia photos.google.com kwa kifaa kingine akitumia barua pepe yake? Nimeletewa maiti za simu nyingi kumbe picha zote zimelala huko.

Jirani wa Buruburu

Tumeingia sasa hivi kwa laptopu ya kijana wangu. Picha zimo hadi Februari, kisha zinakatika. Mazishi yalikuwa Aprili. Mbona ziliacha kupanda?

Mama Saiba

Nafasi ilijaa, baba. Google humpa kila mtu GB 15 za bure, na hizo hizo zinagawanywa na Gmail, Drive na picha. Tangu tarehe 1 Juni 2021 kila picha mpya inahesabiwa. Mwaka wa 2024 bakapu za WhatsApp za Android nazo zikaanza kuhesabiwa humo. Sasa fikiria mtu ana kundi la chama, la kanisa, la plot na la wazazi wa darasa la tano, na kila alfajiri kuna mtu anatuma video ya maua na "Mungu awabariki". Zote zinapanda. Picha za maana zinakosa pa kukaa, na simu inaonya kwa kijiujumbe ambacho watu wanakifuta kwa kidole bila kukisoma.

Aingie WhatsApp akishapata simu nyingine, asizime bakapu yote, aondoe video peke yake. Na kwa sasa aulize kundi la familia. Mazishi ya Kenya hayapigwi picha na mtu mmoja.

Nikiwa hapo, niseme yangu. Nina saiba, duka la huduma za intaneti, Githurai 45, na kinachopotea hapa kuliko picha ni akaunti. Watu hawajui ni za nani.

Kuna mzee alikuja Juni, zile siku za mwisho kabla ya tarehe 30, foleni ya ritani za kodi za KRA, mamlaka ya mapato, imefika mlangoni. Anataka iTax, tovuti yao. Nenosiri hana. Sawa mzee, tuombe jipya, linatumwa kwa barua pepe. Barua pepe ipi? Akatoa kikaratasi cha cheti cha PIN ya kodi kilichokunjwa mara nyingi hadi mikunjo ikatoboka. Ile barua pepe ni ya kijana wa saiba nyingine aliyemfungulia miaka hiyo. Saiba yenyewe sasa ni kinyozi. Kijana hajulikani alikoenda. Mzee akaniangalia mimi, mimi nikaangalia foleni.

Hilo hakuna mtu wa saiba anaweza kulirekebisha, na anayekwambia anaweza kwa elfu moja, mshuku. Nilimtuma Huduma Centre, ofisi ya huduma za serikali, pale GPO na kitambulisho chake mkononi, wakambadilishia barua pepe, akarudi ameshikilia namba ya foleni ya huko kana kwamba ni risiti. Tukamaliza ritani.

Kwangu sifungulii mtu akaunti kwa barua pepe yangu hata akinisihi. Tunaanza na barua pepe yake. Nenosiri analiandika yeye, mimi nageukia ukuta. Namba ya kurudishia akaunti ni ya laini iliyo mfukoni mwake saa hiyo. Laini ikiwa imesajiliwa kwa jina la binti, arudi na binti. Wengine wanakasirika wanaenda saiba ya ng'ambo ya barabara. Wanarudi baadaye, wakati wa HELB, mkopo wa chuo, au pasipoti.

Mpiga Picha Kayole

Mama Saiba, hiyo ya kugeukia ukuta ungewafundisha jirani zako pia.

Mimi niseme flashi. Zile za TB 2 zinazouzwa kwa bei ya chakula cha mchana pale karibu na Archives, nilinunua moja makusudi niione inavyodanganya, maana wateja wananiletea wakitaka niwawekee arusi nzima humo.

Hivi ndivyo inavyokuwa. Kompyuta inaiuliza flashi, wewe una ukubwa gani? Flashi inajibu TB 2, na kompyuta haina sababu ya kubisha. Ile chipu inayosimamia kumbukumbu imeandikiwa uongo huo kiwandani. Ndani ya yangu mlikuwa na kijikadi cha GB 32 kimebandikwa kwa gundi, na kipande cha chuma cha kuipa uzito. Ukiijaza mpaka GB 32 kila kitu kiko sawa. Ukivuka hapo inaendelea kupokea tu, haikulalamikii, ila ama inaandika juu ya vya zamani ama inatupa. Na hapo ndipo inapoumiza, kwa sababu majina ya faili yote unayaona, na ukubwa wake, na tarehe. Unampa bibi harusi, anaenda nayo nyumbani, anafungua: kanisani wanaingia, baba anamshika mkono, halafu kijivu hadi mwisho.

Dawa ni kuipima kabla hujaiwekea kitu. Windows tumia H2testw, ya bure, ya Wajerumani, na ukiifungua itakuongelesha Kijerumani mpaka uibonyeze ibadilishe lugha. Linux na Mac kuna F3. Zote zinafanya jambo moja: zinajaza flashi yote, kisha zinasoma tena kuhakikisha kilichoandikwa ndicho kilichomo. Flashi kubwa inaweza kula usiku mzima, kwa hiyo usianze siku ambayo stima inapotea potea.

Binti wa Rongai

Kaka, sasa mimi nilinunua ya 64 dukani kabisa, na risiti, lakini laptopu inaonyesha 59. Nirudi nigombane nao?

Mpiga Picha Kayole

Usigombane dada yangu. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Gawanya bilioni 64 kwa 1,024 mara tatu, unapata 59 na ushei. Ndiyo maana hadi diski ya TB 1 huonyesha 931. Hujaibiwa. Ila ipime hata hivyo.

Na kama video yako moja inazidi GB 4 na flashi inasema imejaa ilhali iko tupu, hiyo ni FAT32, mpangilio wa zamani wa flashi, haipokei faili moja ya ukubwa huo. Toa vilivyomo, iformati exFAT, itapokea.

Mwanachuo Ngara

Yangu fupi. Laptopu ya ex-UK, yaani iliyokwisha kutumika Uingereza, ilipelekwa kwa fundi kwa sababu ya feni, fundi akaona aisasishie na BIOS, programu inayoiwasha, kwa hisani yake. Ikarudi na skrini ya bluu inayodai ufunguo wa BitLocker, kufuli ya diski ya Windows, wa tarakimu 48. Tasnifu imo ndani, msimamizi anasubiri sura ya nne.

Fundi akasema tuiformati. Nikakataa. Ufunguo ulikuwa kwenye akaunti yangu ya Microsoft tangu nilipoingia kwa mara ya kwanza, unafungua aka.ms/myrecoverykey kwa simu, unalinganisha zile herufi nane za mwanzo za kitambulisho na zilizo kwenye skrini, unaandika tarakimu zako 48 polepole. Ikafunguka.

Mnaonunua ex-UK: kama bado ina Windows ya kampuni iliyoitumia huko Uingereza, ufunguo wake unaweza kuwa kwao, na hamtaupata. Ifutwe, iwekewe Windows upya kabla hujaweka hata herufi moja.

Katibu wa Kwaya

Sisi tulipoteza video za miaka bila kifaa chochote kuharibika.

Kwaya yetu, hapa Dandora, ilikuwa inapandisha kila tamasha YouTube, na mhariri akishapandisha anafuta kwa kompyuta yake ili apate nafasi. Siku moja likaja dai la hakimiliki kwenye wimbo mmoja, kwa sababu ya biti, muziki wa mtu mwingine tuliouimbia. Mwenyekiti aliposikia neno hakimiliki aliona mahakama. Akaamuru video zote zenye biti zifutwe, na msaidizi wangu akamtii kabla sijashuka kwenye matatu.

Dai si onyo. Dai la Content ID, mtambo wa YouTube unaotambua nyimbo za watu, kwa kawaida linaacha video palepale, pesa za matangazo ndizo huenda kwa mwenye wimbo. Onyo ndilo zito: matatu ndani ya siku 90, chaneli inafungwa. Sisi hatukuwa na hata moja. Na video ukishaifuta YouTube, hakuna pipa la taka la kuirudisha.

Zilizobaki tumezishusha. Kwenye YouTube Studio zinashuka kwa 720p tu, jambo ambalo mpiga kinanda wetu bado hajatusamehe. Tena tuligundua chaneli imefunguliwa kwa barua pepe ya muimbaji wa besi aliyehamia Qatar. Bahati njema anapokea simu. Aliingia, akatuongeza watatu kama wasimamizi, kila mtu na barua pepe yake. Mwenyekiti hayumo, kwa kura.

Jirani wa Buruburu

Hahaa, kwa kura!

Mama Saiba, umenena. Binamu wawili wana picha za Aprili, mmoja alipiga karibu kila kitu pale kaburini. Ametuma kwa kundi, lakini nikizikuza nyuso zinavurugika.

Mama Saiba

WhatsApp inazibana ili zipite haraka. Mwambie azitume kama dokumenti, si kama picha. Abonyeze kile kipini cha karatasi, achague Dokumenti, atafute picha humo. Zitafika jinsi kamera ilivyozipiga, na tarehe zake. Bando litaliwa, atumie waifai.

Mlinzi wa Usiku South B

Fundi, diski yangu ya nje inagonga, tak tak tak, kisha inapotea kwenye kompyuta. Jamaa yangu anasema niiweke friza usiku.

Fundi wa Umoja

Usiweke friza. Utaongeza unyevu juu ya shida uliyo nayo. Na usiichomeke tena kujaribu bahati. Huko kugonga ni kichwa cha kusomea kinahangaika, na kila ukiiwasha kinaweza kuikwaruza sahani. Hiyo haifunguliwi kwa meza yenye vumbi, si yangu wala ya Luthuli. Kuna watu wenye chumba maalumu, na si rahisi kwa mfuko. Jiulize kwanza ndani mna nini. Kama ni filamu, izike.

Ingekuwa imefutwa tu kwa bahati mbaya, haina kelele, ningekwambia PhotoRec, programu ya kuokoa faili, haina malipo, na uokoe ukiandikia diski nyingine, kamwe si hiyo hiyo.

Binti wa Rongai

Fundi samahani, swali la mwisho. Nilihamisha memori kadi kutoka simu ya zamani kwenda mpya. Mpya inasema kadi imeharibika, niiformati. Iko sawa kabisa, jana tu ilikuwa inafanya kazi.

Fundi wa Umoja

Usiformati! Ulipoiweka kwenye ile ya zamani, ilikuuliza uitumie kama kumbukumbu ya ndani ya simu?

Binti wa Rongai

Ndiyo, nikakubali ili nipate nafasi ya programu.

Fundi wa Umoja

Basi kadi haijaharibika. Imefungwa kwa ufunguo ulio ndani ya simu ya zamani, na hakuna simu nyingine itakayoisoma. Ile ya zamani bado inawaka? Usiwe umeirudisha kuwa ya kiwandani.

Binti wa Rongai

Inawaka. Kioo ndicho kimepasuka, nusu ya chini haisikii kidole. Hata PIN siwezi kuandika.

Fundi wa Umoja

Rudisha kadi humo. Tafuta waya wa OTG, ule wa kuunganisha vifaa vya USB kwenye simu, uchomeke mausi ya kawaida ya kompyuta. Mshale utatokea kwenye skrini, andika PIN kwa kubofya, kisha hamisha picha zako kwenda simu mpya. Kioo utabadilisha baadaye, ukitaka.