Naomba ushauri: mdogo wangu aende kidato cha tano au diploma ya umeme?

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu amemaliza kidato cha nne, Fizikia ana B, Hisabati na Kemia C. Yeye anataka diploma ya uhandisi wa umeme, DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) au Chuo cha Ufundi Arusha. Mzee hataki kusikia, anasema diploma ni ya waliofeli, aende kidato cha tano mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) kisha chuo kikuu.

Mimi namuunga mkono dogo. Huyu mtoto akishika tester na koleo anasahau hata kula, na swichi zote za nyumbani amezifunga yeye. Diploma ni miaka 3, kuanzia NTA level 4 hadi 6 (ngazi za elimu ya ufundi), na akipata GPA (wastani wa ufaulu) ya 3.0 mlango wa digrii uko wazi. Kidato cha tano na sita ni miaka 2, ila ukikwama huna fani mkononi.

Kinachonitia hofu ni ada na nafasi za field (mafunzo ya vitendo kazini). Mliopita njia hii, field mliipataje? Waajiri wanampokeaje mwenye diploma? Na mzee nimweleweshe vipi bila kumkosea heshima?